Wilson, Mwalimu Asiyeshaurika
Nimewafundisha wengi wanaoamini kwamba wazo jema hujitetea lenyewe. Woodrow Wilson, aliyezaliwa mwaka 1856, aliamini hivyo. Mwalimu huyu wa Princeton, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1913, alitangaza hoja zake 14 za amani Januari 1918, na mwaka 1919 akapigania Shirikisho la Mataifa huko Paris. Aliporejea kwao alikataa kulegeza kamba mbele ya Seneti. Hata kiharusi hakikumlainisha. Seneti ikaukataa Mkataba wa Versailles, na Marekani ikabaki nje ya Shirikisho aliloliasisi. Alifariki 1924, mwaka 1939 Ulaya ikarudi vitani.

Hata kujitawala alikokuhubiri hakukufika Afrika Mashariki: Mjerumani alinyang'anywa Tanganyika, akapewa Mwingereza, wenyeji wasiulizwe. Ndiposa nasema, kidole kimoja hakivunji chawa.