Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre, Msafiri Aliyeomba Mkate

Wakatekumeni wapenzi, mtu akifika kijijini jioni bila mzigo wala fedha, nguo zake zimechakaa, naye anaomba chakula, tunamtazama kwa mashaka. Tunajiuliza kama ni maskini kweli au ni mvivu tu. Na ikiwa mwombaji huyo ni Mzungu, mashaka yanazidi, kwa maana wengi hudhani kwamba Ulaya hakuna maskini. Miaka hii, katika miji mikubwa ya Asia kama Bangkok na Kuala Lumpur, wameonekana vijana waliotoka Ulaya na nchi nyingine za kitajiri, wameketi kando ya njia, wakiomba fedha za kuendeleza safari yao. Wenyeji wa huko, ambao wengi wao wana mali kidogo kuliko vijana hao, hushangaa. Wengine huwapa, wengine hukasirika.

Mzungu kuomba ugenini si jambo jipya. Zaidi ya miaka 200 iliyopita alikuwako Mfaransa mmoja aliyezunguka nchi nyingi kwa miguu, akiomba mkate wake wa kila siku. Watu walimdhihaki na kumpiga. Lakini alipokufa, mji wa Roma ulimlilia. Sikilizeni habari zake.

Benedikto Yosefu Labre alizaliwa tarehe 26 Machi 1748 katika kijiji cha Amettes, kaskazini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, tena walikuwa na duka dogo. Hawakuwa matajiri, lakini chakula hakikukosekana nyumbani. Mungu aliwajalia watoto 15, naye Benedikto alikuwa kifungua mimba. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, walimpeleka kwa ndugu wa baba yake, aliyekuwa padri wa parokia ya Érin, ili asome na kujitayarisha kuwa padri.

Mwaka 1766 ugonjwa mkali wa kuambukiza uliingia katika parokia ile. Padri na kijana wake hawakukimbia. Waliingia nyumba kwa nyumba kuwahudumia wagonjwa, mpaka padri mwenyewe akashikwa na ugonjwa huo akafa. Benedikto alirudi kwa wazazi akiwa na miaka 18, na nia moja tu moyoni: kuwa mmonaki, kuishi katika sala na ukimya.

Hapo shida zake zikaanza. Alikwenda kwa miguu wakati wa baridi kali mpaka monasteri ya La Trappe. Wakamkataa kwa kuwa alikuwa kijana mno. Aliomba kwa Wakartusi. Hawakumpokea moja kwa moja. Novemba 1769 aliingia monasteri ya Sept-Fons, akafurahi sana. Lakini moyo wake ulisumbuliwa na hofu nyingi, na mwili wake ukadhoofika. Wakuu wa monasteri waliona kwamba hawezi kuyastahimili maisha yale, nao wakamruhusu aondoke Julai 1770. Fikirini uchungu wa kijana huyo: kila mlango aliobisha kwa ajili ya Mungu ulifungwa.

Hakunung'unika. Alishika njia kuelekea Italia. Agosti mwaka ule ule, akiwa Chieri, karibu na mji wa Torino, aliwaandikia wazazi wake barua ya kuwaomba radhi na baraka. Ndiyo barua yake ya mwisho. Kwa miaka karibu 13 baba na mama hawakupata neno tena kutoka kwake. Tusifiche kwamba jambo hilo liliwatia huzuni kubwa. Msalaba wa mtakatifu mara nyingi huwaelemea pia watu wa nyumbani mwake.

Katika safari hiyo ndipo Benedikto alipotambua wito wake. Hakuitwa kukaa ndani ya kuta za monasteri, bali kuwa msafiri maskini, akihiji mahali patakatifu, akisali njiani kana kwamba barabara ndiyo monasteri yake. Alifika Loreto, Assisi, Roma na Bari katika Italia. Einsiedeln katika Uswisi. Paray-le-Monial katika Ufaransa. Na Santiago de Compostela katika Hispania. Alivaa joho kuukuu lililofungwa kwa kamba, rozari shingoni na msalaba kifuani. Katika mfuko wake mlikuwa na Agano Jipya, kitabu cha sala za mapadri, na kitabu cha Kumfuasa Yesu Kristu. Mara nyingi alilala nje, au katika pembe ya zizi. Chawa walimsumbua, na watu walimkwepa kwa sababu ya uchafu wake.

Basi angalieni alivyoomba. Hakuomba fedha za kujifurahisha, wala hakujiwekea akiba ya kesho. Mara nyingi hakunyosha hata mkono. Alingoja mtu amhurumie. Akipata mkate wa siku ile, ulimtosha. Kilichozidi aliwapa maskini wengine. Husimuliwa kwamba siku moja mtu alimpa sarafu ndogo, naye papo hapo akampa mwombaji mwingine. Yule mfadhili alidhani amedharauliwa, akampiga kwa fimbo. Benedikto aliyapokea mapigo yale kimya.

Tangu mwaka 1777 alikaa Roma, asitoke isipokuwa kwenda Loreto kila mwaka kumheshimu Bikira Maria. Usiku alijihifadhi katika magofu ya Colosseum, ule uwanja mkubwa wa mawe ambamo Waroma wa kale walitazama watu wakiuana. Mchana alikuwa kanisani. Popote Ekaristi Takatifu ilipowekwa wazi kwa ibada ya saa 40, Benedikto alikuwapo, amepiga magoti saa nyingi mbele ya altare. Kwa hiyo watu wa Roma walimwita mwombaji wa saa 40. Baadaye, nguvu zilipompungukia, alikubali kulala katika nyumba ya kuwapokea maskini.

Mwaka 1782 alimwendea Padri Marconi ili aungame dhambi zake. Padri huyo alipomwona kwa mara ya kwanza alichukizwa na sura na matambara yake. Lakini alipomsikiliza, alitambua kwamba ndani ya matambara yale mlikuwa na roho safi ajabu. Ndiye aliyeandika kitabu cha maisha yake baada ya kifo chake.

Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 16 Aprili 1783, Benedikto alisali katika kanisa la Santa Maria ai Monti. Alipotoka, aliishiwa nguvu akaanguka kwenye ngazi. Mwuza nyama mmoja, jina lake Zaccarelli, aliyemfahamu, alimchukua nyumbani kwake. Huko akapewa Mpako, na jioni ile akafa, mwenye umri wa miaka 35. Mara watoto wakakimbia barabarani wakitangaza kwamba mtakatifu amekufa. Watu wakafurika hata askari walihitajiwa kulinda mwili. Alizikwa katika kanisa lile lile Jumapili ya Pasaka. Wakati huo alikuwapo Roma mchungaji Mprotestanti kutoka Boston, Marekani, jina lake John Thayer. Mwanzoni alicheka habari za miujiza ya mwombaji huyo. Akazichunguza mwenyewe, na mwaka ule ule akaingia Kanisa Katoliki. Baadaye akawa padri. Tarehe 8 Desemba 1881 Baba Mtakatifu Leo XIII alimtangaza Benedikto kuwa mtakatifu. Sikukuu yake ni tarehe 16 Aprili.

Wapenzi, maisha haya hayatufundishi kuacha jembe na kwenda kuombaomba. Mtume Paulo aliwaonya vikali wale wasiotaka kufanya kazi, na mwenye afya anayewala wenzake ili astarehe anawaibia maskini wa kweli. Benedikto aliomba kidogo, akatoa kingi, akawaombea waliompa na waliompiga.

Lakini sisi wenye nyumba hatuwezi kusoma moyo wa mgeni kwa kutazama nguo zake au rangi ya ngozi yake. Padri mwenyewe alikaribia kukosea. Wazee wetu walijua kwamba mgeni akija, mwenyeji hupona. Mwaka 1770 Benedikto alipita katika kijiji cha Dardilly, karibu na Lyon, na mkulima mmoja, Pierre Vianney, akampa chakula na mahali pa kulala, kama alivyozoea kuwafanyia maskini wote. Miaka 16 baadaye, katika jamaa hiyo alizaliwa mjukuu, Yohane Maria Vianney, ambaye leo ni mtakatifu msimamizi wa mapadri wa parokia. Mzee Pierre hakujua amemkaribisha nani. Aliona mtu mwenye njaa, akamfungulia mlango.