Bibi wa Ngong na senema iliyompunja

Nilipokuwa kijana niliingia katika jumba moja la senema katikati ya jiji la Nairobi kuitazama Out of Africa. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1985, ikiongozwa na Mmarekani Sydney Pollack, na mwaka uliofuata ikazoa tuzo 7 za Oscar. Tulitoka macho yamejaa vilima vya Ngong na masikio yamejaa muziki. Mwezi uliopita nimeitazama tena, kisha nikapanda matatu kwenda Karen, magharibi ya jiji, kuiona nyumba ya bibi mwenyewe. Huko ndiko nilikotambua kwamba senema ile inapendeza macho, lakini imempunja bibi, na imewapunja zaidi watu waliokaa naye.

Karen Dinesen alizaliwa Rungsted, Denmark, tarehe 17 Aprili 1885. Baba yake alijiua binti huyu hajatimiza miaka 10. Alipokua alimpenda kijana wa ukoo wake asimpate, akaja kuposwa na pacha wa kijana huyo, Bror Blixen. Januari 1914 alishuka Mombasa, na papo hapo Mombasa wakaoana. Senema imeichukua ndoa hiyo ikaipeleka Nairobi! Wengine wataliona jambo dogo. Kwetu sisi wa pwani si dogo, kwani bibi huyu alikuwa na watu wake huku. Alipata kuwa mgeni wa Liwali, Sheikh Ali bin Salim, nyumbani kwake Mombasa, na katika kitabu chake akamsifu kwa ukarimu na uungwana. Naye mpenzi wake, Denys Finch Hatton, alikuwa na nyumba Takaungu. Pwani hiyo senema haikuipa haki yake.

Shamba lao lilikuwa kama eka 6,000, na 600 kati ya hizo zilipandwa kahawa. Lakini mahali pale ni juu mno, na kahawa haikustawi. Mumewe alimwambukiza kaswende mapema katika ndoa yao. Wakatengana 1921, wakaachana kwa talaka 1925. Mei 1931 ndege ya Denys ilianguka Voi, naye akazikwa Ngong. Mwaka huo huo shamba liliuzwa, na bibi akarudi kwao asije tena Kenya. Mengi ya haya yamo katika filamu, na Meryl Streep ameyacheza vyema. Robert Redford sikumkubali. Anacheza mtoto wa lodi wa Kiingereza, na huku anasema kwa lafudhi ya Kimarekani. Wahakiki wengi walilitaja kosa hilo tangu siku zile.

Lakini mtazame Farah, msomaji. Malick Bowens, mtu wa Mali, amemcheza kwa heshima, ila kazi aliyopewa ni kuvaa kilemba, kunyamaza na kusimama nyuma ya bibi. Farah Aden wa kweli alikuwa Msomali, Mwislamu wa swala na saumu, msimamizi wa nyumba na mshika fedha za shamba kwa miaka yote ile. Alimwoa Fathima, aliyeletwa kutoka kwao Usomalini pamoja na jamaa zake wa kike, na shambani pale wakapata mtoto. Bibi aliwaandika wanawake hawa kurasa nzima: stahi yao, mavazi yao, hadithi zao. Katika senema sikumwona mke wala mtoto. Mtu mwenye mji wake amefanywa kama aliyeanguka kutoka mbinguni.

Kuna na habari ya ardhi. Shamba lilipouzwa, Wakikuyu waliokaa humo walitakiwa waondoke, kila mmoja aende atakakopata. Bibi alizunguka ofisi za serikali, huku akirudishwa na kule akirudishwa, mpaka wakakubaliwa kuhamia pamoja katika sehemu ya msitu wa Dagoretti. Senema imeyakusanya mahangaiko hayo yote katika goti moja mbele ya Gavana. Tusisahau pia kwamba waliombewa ardhi na mgeni katika nchi yao wenyewe.

Lililonigusa zaidi halimo kabisa. Chifu Kinanjui, alipokuwa mahututi, alimwomba bibi amchukue akafie nyumbani kwake, asipelekwe hospitali ya misheni. Bibi, aliyekuwa amechoshwa na madeni na matatizo, alikataa. Mzee akafia hospitali. Habari hii tunayo kwa sababu bibi aliiandika mwenyewe katika kitabu chake cha 1937, wala hakujitakasa. Angekuwa mtu wa senema tu, asingeandika.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyahukumu maandishi ya bibi kwa ukali. Aliona kwamba mapenzi yake kwa Waafrika ni kama mapenzi ya mtu kwa wanyama wake. Siwezi kumpinga, kwani zipo kurasa ambazo mtu anafananishwa na mnyama, na mwenye kusoma ataziona. Hata hivyo kitabu kina aibu ya mwandishi ndani yake, na filamu imeifuta.

Chuoni tulifunzwa kwamba kesi haikatwi kwa shahidi mmoja. Katika kesi hii shahidi ni bibi peke yake, na watengeneza senema wamechukua nusu ya ushahidi wake, ile nusu yenye mapenzi na ndege. Farah hakutuachia kitabu.

Bibi Karen alikufa Rungsted tarehe 7 Septemba 1962, Kenya ikiwa bado haijapata uhuru. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba yake ikaipa Kenya, na tangu 1986 ni makumbusho. Wageni wengi huja kwa sababu ya senema. Mimi niliketi barazani, nikavitazama vilima vya Ngong, nikamsomea Farah Fatiha. Na mwenye babu aliyefanya kazi katika mashamba yale, akiwa na habari alizosimuliwa, naaziandike kabla hazijapotea.