Karl Lueger wa Vienna (1844–1910): Kiongozi, Chama na Wafuasi Wake

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayowashughulisha wachunguzi wa siasa za vyama ni hili: chama cha mrengo wa kulia kinapojitangaza kuwa ndicho sauti ya pekee ya watu wa kawaida, kisha kikajipatia wafuasi wengi kwa kuwanyooshea kidole watu wa jamii nyingine, wafuasi hao tuwaelewe vipi? Wapo wanaowaona kuwa ni watu waliolaghaiwa. Wapo wanaowahukumu kuwa ni watu waliojaa chuki. Wapo pia wanaoshikilia kwamba walikuwa na madai ya haki ambayo hapana chama kingine kilichotaka kuyasikiliza.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kupitia maisha ya Dakta Karl Lueger, meya wa jiji la Vienna tangu 1897 hadi 1910 na kiongozi wa Chama cha Wakristo wa Kijamii. Tumemchagua Lueger kwa sababu chama chake kilikuwa miongoni mwa vyama vya mwanzo barani Ulaya kulitwaa jiji kubwa kwa siasa za namna hiyo, na kwa sababu ubishi juu yake haujakwisha. Hoja yetu ni kwamba malalamiko mengi ya wafuasi wake yalikuwa ya kweli, jibu walilopewa lilikuwa la uongo, na ustadi wa kiongozi wao ulikuwa katika kuyafunga mambo hayo mawili fundo moja.

2.0 Asili na Elimu Yake

Lueger alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1844 mjini Vienna. Baba yake, Leopold, alikuwa mtu wa shamba aliyepata kuwa askari, kisha akaajiriwa kama mhudumu katika chuo cha ufundi cha Vienna. Mtoto alizaliwa katika jengo la chuo hichohicho. Baba alipofariki mwaka 1866, mama na mabinti zake wawili waliendesha duka la tumbaku ili kuikimu nyumba.

Licha ya unyonge huo, Karl alisoma katika shule ya Theresianum, iliyokuwa ya wana wa makabaila. Yeye alikuwa mwanafunzi wa kutwa: alikaa darasani na wana wa wakubwa mchana, na jioni akarudi kwao. Mwaka 1870 alihitimu udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Vienna, na miaka michache baadaye akafungua ofisi yake ya uwakili. Hivyo alizifahamu lugha mbili za jiji lake: ile ya mahakama na mabaraza, na ile ya sokoni na kilabuni. Uwezo huo wa kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine ndio uliokuja kuwa mtaji wake mkubwa katika siasa.

3.0 Kutoka kwa Waliberali

Lueger aliingia katika baraza la jiji mwaka 1875 akiwa mliberali. Nyakati hizo waliberali ndio waliokuwa wakiitawala Vienna. Walikuwa wamejenga barabara kuu ya Ringstrasse, majumba ya fahari na bomba la maji kutoka milimani, lakini haki ya kupiga kura waliiacha mikononi mwa wanaume wachache waliolipa kodi ya kutosha. Isitoshe, tarehe 9 Mei 1873 soko la hisa la Vienna lilikuwa limeporomoka, na watu wengi wa kipato kidogo walipoteza akiba zao. Imani ya umma kwa waliberali ilitikisika.

Lueger alijijengea jina kwa kuufichua ubadhirifu barazani. Mwenzake wa karibu katika vita hivyo alikuwa Ignaz Mandl, daktari wa tiba na Myahudi. Wawili hao walimwandama meya Cajetan Felder, ambaye hatimaye alijiuzulu mwaka 1878. Jambo hili lina uzito katika kumfahamu Lueger. Mtu aliyekuja kuwa kiongozi wa chama kilichowachukia Wayahudi alipanda ngazi ya kwanza ya siasa akiwa bega kwa bega na Myahudi, na madai yake ya wakati huo, yaani usafi wa hesabu na kupanuliwa kwa haki ya kura, hayakuwa na doa la chuki.

Mwaka 1882 kiwango cha kodi kilichompa mtu haki ya kuchagua wabunge kilishushwa kutoka guldeni 10 hadi guldeni 5, na mwaka 1885 kiwango hicho kikatumika pia katika uchaguzi wa baraza la jiji la Vienna. Waliopata kura walikuwa mafundi na wenye maduka madogo, na mwaka huohuo wa 1885 Lueger aliingia bungeni. Alitambua upesi kwamba wapigakura hao wapya wangeweza kuupindua utawala wa waliberali, ikiwa angepatikana mtu wa kuwaunganisha.

4.0 Chama na Wafuasi Wake

Hapana budi kueleza hali ya wafuasi hao kwa kirefu kidogo, kwani hapo ndipo ubishi ulipo. Seremala, mshona viatu au mshona nguo wa Vienna wa miaka ya 1880 alikuwa amebanwa pande mbili. Upande mmoja, viwanda na maduka makubwa viliuza nguo na viatu vilivyokuwa tayari kwa bei asiyoiweza. Upande wa pili, alihitaji mikopo, na riba ilimla. Sheria ya 1883 iliyowataka mafundi wa kazi kadhaa wathibitishe ujuzi wao kabla ya kufungua karakana haikutosha kumwokoa.

Mtu huyu hakuwa mjinga wala hakubuni dhiki yake. Aliloambiwa ni kwamba dhiki hiyo ina sura ya Myahudi. Kwa kuwa miongoni mwa wenye mabenki, magazeti na maduka makubwa walikuwamo Wayahudi, wasemaji wa mikutano walifanya mfano wa wachache kuwa hukumu ya wote. Hawakutaja kuwa maelfu ya Wayahudi wa Vienna walikuwa wachuuzi na mafundi maskini waliobanwa na mashine zilezile. Hata mwaka 1910, Wayahudi walikuwa kiasi cha 175,000 katika jiji lenye watu zaidi ya milioni 2.

Lueger hakuanzisha siasa hiyo. Georg von Schönerer alikuwa amemtangulia, akihubiri uzalendo wa Kijerumani na chuki ya damu. Mwaka 1887 Lueger aliunga mkono mswada wa Schönerer wa kuzuia Wayahudi kuingia nchini, na urafiki wake na Mandl ukavunjika. Mwaka 1888 Schönerer alifungwa kwa kuvamia ofisi ya gazeti, na kiti chake kikabaki wazi. Lueger alikijaza kwa namna iliyopokelewa na watu wengi zaidi. Aliichukua chuki ileile akaivisha kanzu ya Ukristo na utiifu kwa Kaisari, akaichanganya na mafundisho ya Karl von Vogelsang juu ya haki ya kijamii. Waraka wa Papa Leo wa 13 kuhusu hali ya wafanyakazi, uliotolewa mwaka 1891, uliwapa makasisi vijana ari ya kuingia katika siasa, na katika miaka hiyo ndipo Chama cha Wakristo wa Kijamii kilipojengeka.

Inafaa kukumbuka kwamba chama hakikuendelea kuwa cha mafundi pekee. Walijiunga walimu, makarani wa serikali, kisha wenye nyumba za kupangisha. Mwanahistoria John Boyer, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1981, ameonyesha kwamba kundi hili lilikuwa zaidi la tabaka la kati lililogawanyika likijikusanya upya kuliko la makabwela. Wanawake, ambao hawakuwa na kura, waliunda umoja wao mwaka 1897 na kuwa wapiga debe hodari. Wafanyakazi wa viwandani walielekea kwa Chama cha Demokrasia ya Kijamii. Chama kilichodai kuwasemea watu wote kilisema kwa niaba ya sehemu yao tu.

5.0 Mvutano na Kaisari

Katika uchaguzi wa mwaka 1895 chama na washirika wake walipata theluthi mbili ya viti vya baraza, na baraza likamchagua Lueger kuwa meya. Kaisari Franz Joseph alikataa kumthibitisha. Aliona hatari kuukabidhi mji mkuu wa dola yenye mataifa na dini nyingi kwa mtu aliyechochea umma dhidi ya baadhi ya raia. Inasimuliwa kwamba Sigmund Freud alivuta biri kwa furaha alipopata habari hiyo. Theodor Herzl, mwandishi wa habari aliyeushuhudia mwaka huo shangwe za umati kwa Lueger, alizidi kuamini kwamba Wayahudi wangehitaji nchi yao wenyewe. Kitabu chake juu ya dola ya Wayahudi kilitoka mwaka 1896. Mkondo huo wa fikra ulifika hata Afrika ya Mashariki: mwaka 1903 mkutano wa wafuasi wa Herzl huko Basel ulijadili pendekezo la Uingereza la kuwapa ardhi ya Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Pendekezo hilo lilikataliwa mwaka 1905.

Ukatazi wa Kaisari ulimfaa Lueger kuliko kumdhuru. Kila alipokataliwa, wafuasi wake waliona kwamba wao ndio waliokataliwa. Maaskofu waliokuwa wamejaribu kulishtaki kundi hilo huko Roma hawakufanikiwa, kwani Papa alilielekea kwa wema. Baada ya kuchaguliwa mara tano, Lueger alithibitishwa mwezi Aprili 1897.

Hapa pana fumbo ambalo wapenda demokrasia hawana jibu jepesi kwalo. Mfalme asiyechaguliwa na mtu alijaribu kuwalinda raia wachache dhidi ya kura halali za wengi, naye akashindwa. Waliberali waliomshangilia walikuwa wamesahau kwamba kwa miaka mingi wao wenyewe waliwanyima hao wengi kura.

6.0 Meya wa Jiji

Kazi ya Lueger kama meya haikanushiki. Gesi ya jiji ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza, na yeye alijenga kiwanda cha jiji kilichoanza kazi mwaka 1899. Umeme na tramu vikafuata. Ujenzi wa bomba la pili la maji ya milimani ulianza mwaka 1900 na kukamilika mwaka 1910, miezi michache baada ya kifo chake. Makao ya wazee maskini yalifunguliwa huko Lainz mwaka 1904, na mwaka 1905 baraza lilipitisha mpango wa kuhifadhi mkanda wa misitu na malisho kulizunguka jiji. Meya hakuoa, na alipenda ijulikane kwamba jiji ndilo mke wake. Alihudhuria sherehe za wazee waliotimiza miaka 50 ya ndoa, akazungumza nao kwa lafudhi ya mtaani.

Hata hivyo, mali ya jiji ilikuwa pia silaha ya chama. Walimu waliofuata siasa za kijamaa walisumbuliwa au kufukuzwa, na ajira za jiji zikawafuata wanachama. Mfumo wa kugawa wapigakura kwa madaraja uliendelea kumpa mwenye mali sauti kubwa. Wageni waliotaka uraia wa jiji, Wacheki wengi wakiwamo, walitakiwa kuapa kuulinda Ujerumani wa Vienna.

7.0 Je, Aliamini Alichokisema?

Watetezi wa Lueger hukumbusha kwamba alikula na Wayahudi matajiri, kwamba alijipa mamlaka ya kuamua nani ahesabiwe Myahudi na nani asihesabiwe, na kwamba chini yake hapakutungwa sheria ya kuwanyang'anya Wayahudi haki zao. Kwa maoni yao, chuki ile ilikuwa mbinu ya kampeni tu.

Tukikubali maelezo hayo, hukumu haipungui. Mtu anayeamini uongo anaweza kuelimishwa, lakini anayeutumia akijua ni uongo hawezi kufundishwa asichokijua. Zaidi ya hayo, msikilizaji wa mkutanoni hakuwa na njia ya kujua kwamba kiongozi wake anatania. Alikwenda nyumbani na maneno, wala si na nia ya msemaji. Schönerer alibaki mtu wa kundi dogo; Lueger, kwa tabasamu na mkufu wa umeya, aliifanya chuki iwe jambo la heshima, linaloweza kutamkwa na mwalimu, kasisi na mama mwenye nyumba. Carl Schorske, katika kitabu chake cha 1980, aliwaweka Schönerer, Lueger na Herzl pamoja kama watu walioleta siasa ya namna mpya, yenye kugusa hisia kabla ya hoja.

8.0 Hitimisho

Lueger alifariki tarehe 10 Machi 1910, na mazishi yake yalihudhuriwa na mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 1911 chama chake kilishindwa vibaya Vienna katika uchaguzi wa bunge. Mwaka 1919, watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, walipopiga kura, jiji lilichukuliwa na Chama cha Demokrasia ya Kijamii. Karl Seitz, mmoja wa walimu waliofukuzwa, akawa meya tangu 1923 hadi 1934, akiendesha gesi, umeme na tramu alizoziacha Lueger.

Miongoni mwa vijana walioishi Vienna katika miaka ya mwisho ya Lueger alikuwa Adolf Hitler, aliyekuja kumsifu kitabuni mwake kwa ufundi wa kuuvuta umma huku akimlaumu kwa kutoichukulia chuki kwa misingi ya damu. Hatuwezi kumbebesha Lueger mauaji ya Wayahudi wapatao 65,000 wa Austria yaliyofuata baada ya 1938. Lakini waliouawa waliishi katika jiji lililokuwa limezoeshwa kuwasikia wakitukanwa.

Jiji lenyewe bado linajadili. Sehemu ya Ringstrasse iliyoitwa kwa jina lake ilibadilishwa jina mwaka 2012, na mwaka 2023 lilichaguliwa pendekezo la kuiinamisha sanamu yake kwa nyuzi 3.5.

Kutokana na maisha haya tunaona kwamba kuwadharau wafuasi wa chama kama hiki ni kosa, kwani fundi aliyefilisika hakuiota dhiki yake, na waliompuuza ndio waliomfungulia Lueger mlango. Kuwasamehe kila kitu ni kosa pia, kwani mafundi na wafanyakazi wengine, waliobanwa na dhiki ileile, walikataa kumtwisha jirani mzigo huo. Maji, gesi na tramu vingeweza kupatikana bila ya kumtukana mtu yeyote, na hilo Lueger wa miaka ya mwanzo, aliyekaa barazani pamoja na Mandl, alilijua vyema.