Ibn Sina na Jiwe Lililorushwa

Katika wanavyuoni ambao sifa zao zimeenea mashariki na magharibi ni Husein bin Abdallah bin Sina, aliyezaliwa mwaka 370 H. (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipotimu miaka kumi alikuwa amekwisha hitimu Kurani. Hesabu za Kihindi babake alimpeleka akasome kwa muuza mboga, wala hakuona haya, kwani elimu huchukuliwa kwa mwenye nayo. Naye angali kijana alimtibu Amiri Nuh bin Mansur, akaruhusiwa kuingia katika maktaba yake. Baadaye akawa waziri huko Hamadhan, kisha akafungwa ngomeni, na humo pia hakuiweka kalamu chini.

Watu wa kale, wakimfuata Aristotle, walidai kwamba jiwe likisha toka mkononi husukumwa na hewa. Ibn Sina katika kitabu chake Shifaa hakuridhika na neno hilo. Alieleza kwamba mrushaji hulitia jiwe mayl, yaani mwelekeo, nao hauishi wenyewe bali huondoshwa na kizuizi kama hewa. Lau kizuizi hakipo, jiwe lisingesimama. Hakufikia hesabu yote: Galileo alieleza njia ya kitu kilichorushwa mwaka 1638, na Newton akaweka kanuni za nguvu mwaka 1687. Leo mwanafunzi hufundishwa kwamba jiwe likiwa angani, ukiiacha hewa, nguvu iliyobaki ni moja tu, nayo ni uzito wake. Mwendo wa kwenda mbele haubadiliki. Mwendo wa kushuka huzidi karibu mita 10 kwa sekunde, katika kila sekunde ipitayo. Kwa hivyo jiwe lililorushwa mbele kutoka juu ya mnara, na jingine lililoachiwa tu papo hapo, hufika chini pamoja.

Ibn Sina alifariki Hamadhan katika Ramadhani ya mwaka 428 H. (1037). Imam Ghazali alimpinga vikali katika mambo ya falsafa. Lakini Imam huyo huyo alionya kwamba mwenye kukataa hesabu kwa kudhani anainusuru dini, huidhuru.

Basi ndugu zangu, mzazi amwambiaye mwanawe kwamba elimu hii ni ya makafiri, na afikiri: anamnyima mtoto urithi wa wazee wake mwenyewe. Tuwapeleke watoto, wa kiume na wa kike, chuoni na skuli pamoja. Wabillahi taufiki.