Dag Hammarskjöld na Eropleni Iliyoanguka Ndola

Katika nchi ya Uswidi, iliyo kaskazini mwa Ulaya, palikuwa na ukoo mmoja ambao watu wake kwa vizazi vingi walikuwa askari na watumishi wa serikali. Katika ukoo huo alizaliwa Dag Hammarskjöld, tarehe 29 Julai mwaka wa 1905, mjini Jönköping. Alikuwa mtoto wa nne, naye ndiye kitinda mimba, na wote wanne walikuwa wanaume. Baba yake, Hjalmar, alikuwa Waziri Mkuu wa Uswidi tangu mwaka wa 1914 hata 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Tena alikuwa gavana wa jimbo la Uppsala kwa miaka mingi, na kwa ajili hiyo mtoto alilelewa katika ngome kubwa ya kale iliyo juu ya kilima cha mji ule.

Msomaji aliyezoea habari za watu mashuhuri hutazamia kusikia juu ya umaskini na taabu za utotoni. Huyu hakuwa maskini. Lakini mwenyewe alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba alirithi mambo mawili: kwa upande wa baba, imani kwamba hapana maisha yaliyo bora kuliko kuitumikia nchi yake au wanadamu bila kujitafutia faida, na kwa upande wa mama, imani kwamba watu wote ni sawa, kwa kuwa wote ni watoto wa Mungu. Urithi wa namna hii hauliwi na nondo, lakini una mzigo wake.

Alisoma Uppsala, akajifunza lugha, falsafa, sheria na uchumi. Mwaka wa 1936, umri wake ukiwa yapata miaka thelathini tu, alipewa cheo kikubwa katika Wizara ya Fedha, na baadaye akawa mwenyekiti wa Benki Kuu ya nchi yake. Hakuoa. Alipopata nafasi alikwenda kutembea katika milima ya kaskazini yenye theluji, akichukua picha. Vitabu vilikuwa rafiki zake, hata akafasiri mashairi ya Kifaransa kwa Kiswidi.

Mwaka wa 1953 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitafuta Katibu Mkuu mpya, kwa kuwa Trygve Lie wa Norwe alikuwa amejiuzulu. Mataifa makubwa yalimchagua Hammarskjöld, na yasemekana yalimwona kuwa karani hodari asiyependa makuu, ambaye hatawasumbua. Habari zilimfikia usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, siku ambayo watu wa Ulaya hudanganyana kwa mzaha, basi akadhani anachezewa.

Hao waliomdhania kuwa mtu wa kukaa kimya walikuwa wamekosea. Mwaka wa 1955 alisafiri hata Peking kuzungumza na Waziri Mkuu Chou En-lai juu ya wanahewa wa Kimarekani waliofungwa huko, nao wakafunguliwa mwaka ule ule. Mwaka uliofuata, Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoishambulia Misri kwa sababu ya mfereji wa Suez, yeye na wenzake waliunda kwa siku chache jeshi la amani la Umoja wa Mataifa, ambalo mfano wake haukuwa umeonekana kabla ya hapo. Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 alizunguka Afrika, akafika katika nchi zaidi ya ishirini, kwa kuwa alitambua kwamba mwaka ule nchi nyingi zingepata uhuru.

Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960. Siku chache tu baadaye askari waliwaasi maafisa wao wa Kibelgiji, Ubelgiji ukaleta majeshi yake, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga, lenye utajiri wa shaba, limejitenga. Serikali ya Patrice Lumumba iliomba msaada, na Hammarskjöld akapeleka askari wa Umoja wa Mataifa. Kazi hiyo ilimletea adui kila upande. Warusi walimtaka ajiuzulu, akakataa mbele ya Baraza Kuu. Lumumba alipouawa mwezi wa Januari 1961, Waafrika wengi walimlaumu kwamba hakumlinda, na lawama hiyo haikukosa sababu. Waliokuwa na mali katika machimbo ya Katanga nao hawakumpenda, kwa kuwa hakuukubali utengano wa jimbo lile.

Tarehe 13 Septemba 1961 Hammarskjöld alifika Léopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa, akakuta mapigano yamezuka Elisabethville kati ya askari wa Umoja na askari wa Katanga. Akaazimu kukutana na Tshombe mwenyewe ili kusimamisha mapigano, nao wakapatana kukutana Ndola, mji wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu 1964 yaitwa Zambia.

Sasa yatupasa kusimulia habari za eropleni yake. Ilikuwa ya namna iitwayo DC-6B, yenye injini nne na rafadha nne, mali ya kampuni moja ya Kiswidi, na jina lake Albertina. Eropleni za DC-6 zilitengenezwa na kiwanda cha Douglas huko Marekani, zikaruka kwanza mwaka wa 1946, nazo zilisifiwa sana. Hata hivyo mwanzo wake ulikuwa wa msiba. Mwezi wa Oktoba 1947 moja ilishika moto angani juu ya jimbo la Utah ikaanguka, wakafa watu 52, na hapana aliyejua moto ule ulitoka wapi. Majuma machache baadaye nyingine ilishika moto vile vile, lakini rubani wake aliwahi kutua salama mahali paitwapo Gallup. Mafundi walipoichunguza waliona jambo dogo sana: petroli ilipohamishwa kutoka tangi moja hata jingine, ilifurika ikamwagika nje, na upepo ukaivuta hata kwenye tundu la chombo cha kupashia moto ndani ya ndege. Basi DC-6 zote zikazuiwa zisiruke kwa muda wa miezi minne hivi, zikarekebishwa. Nimeitaja habari hii kwa sababu yaonyesha namna ajali inavyofunuliwa: kitu chenyewe kibaki, na wachunguzi wawe tayari kukitazama kilivyo. Huko Ndola haikuwa hivyo.

Asubuhi ya tarehe 17 Septemba Albertina ilitoka Elisabethville, ambako ilipigwa risasi, na bomba la moshi la injini moja likaharibika. Mafundi wa Léopoldville walilitengeneza. Yapata saa kumi na moja jioni iliondoka, ikiwa na watu 16. Katanga ilikuwa na eropleni moja ya kivita, ya namna ya Fouga, isiyo na rafadha, iliyokuwa ikiwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa siku zile. Kwa hiyo rubani wa Albertina alificha safari yake. Aliandika kwamba anakwenda Luluabourg, akanyamaza katika simu ya upepo kwa muda mrefu, akapita mbali upande wa mashariki, karibu na Ziwa Tanganyika, asipite juu ya Katanga. Chumbani mwake Léopoldville, Hammarskjöld aliacha kitabu cha Thomas à Kempis kinachofundisha kumfuata Kristo.

Baada ya saa sita ya usiku, dakika kumi hivi, rubani aliwaambia watu wa mnara wa Ndola kwamba ameziona taa za uwanja, naye anashuka. Halafu hakusikika tena. Watu wakangoja. Mkubwa mmoja wa Kiingereza aliyekuwapo aliwaza kwamba huenda Katibu Mkuu ameghairi, akaenda mahali pengine. Taa za uwanja zikazimwa, watu wakaenda kulala. Ni vigumu kuisoma habari hii bila kuuliza ilikuwaje kwamba eropleni iliyokwisha pita juu ya uwanja isitafutwe mara ile. Mabaki yake yalipatikana alasiri ya siku ya pili, baada ya saa kumi na tano hivi, katika msitu ulio yapata maili 9 magharibi ya uwanja. Ilikuwa imekata vilele vya miti, bawa la kushoto likapiga kichuguu, ikapinduka na kuungua. Magurudumu yalikuwa yameteremshwa, kama ipasavyo ndege inayotaka kutua. Hammarskjöld alionekana ametupwa nje ya moto, amekufa. Mtu mmoja tu alikuwa hai, askari mlinzi Harold Julien, aliyeungua vibaya. Akafa hospitalini baada ya siku sita.

Nini iliyoiangusha? Ndege za rafadha za miaka ile zilianguka mara nyingi kwa namna ambayo haina siri. Rubani hujua kimo chake kwa chombo kinachopima uzito wa hewa, na kwa kuwa uzito huo hubadilika, watu wa uwanja humpa hesabu ya siku ile ili akirekebishe. Akikosea hesabu, au akisoma ramani ya mahali pengine, atadhani yuko juu kumbe miti i karibu. Usiku juu ya pori hakuna taa hata moja chini yake ya kumwonya. Uwanja wa Ndola wenyewe uko juu zaidi ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, na wako waliodhani kwamba rubani aliuchanganya na uwanja wa Ndolo, wa Léopoldville, ulio chini sana. Uchovu wa marubani nao ulitajwa. Lakini vyombo vya kupimia kimo vilipotazamwa havikuonekana kuwa na kosa.

Serikali ya Rhodesia ilifanya uchunguzi, na mwanzoni mwa 1962 tume yake ikaamua kwamba kosa lilikuwa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka ule ule, haikukubali kusema hivyo. Iliacha mlango wazi kwamba ndege iliweza kuwa imeharibiwa kusudi au kushambuliwa.

Walikuwapo mashahidi. Katika msitu ule walikaa wachoma makaa, watu ambao kazi yao huwalazimisha kukesha, kwani tanuu la makaa lisipolindwa usiku huwaka moto, na kazi ya majuma ikawa majivu. Baadhi yao walisema waliona eropleni ya pili, iliyo ndogo, au mwanga mkubwa angani kabla ya ile kubwa kuanguka. Wengine waliyaona mabaki alfajiri, wasiende kutoa habari kwa kuogopa kushitakiwa. Na hofu yao haikuwa ya bure, maana wako waliofungwa kwa kuchukua vitu vilivyokuwa pale. Tume ya Rhodesia haikuyapa maneno ya Waafrika uzito. Iliona kwamba hawaaminiki, na ya kuwa baadhi yao walisukumwa na siasa. Hata maneno ya Julien, aliyewaambia watu hospitalini juu ya cheche angani, yalihesabiwa kuwa maneno ya mgonjwa mwenye homa. Mimi naona kwamba mtu aliyekesha akitazama moto wake mwenyewe gizani ni shahidi mzuri wa moto mwingine.

Hammarskjöld alizikwa Uppsala, na mwaka ule wa 1961 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ingawa alikuwa amekwisha kufa. Kitabu cha mawazo yake ya siri juu ya Mungu na juu ya kazi kilichapwa mwaka wa 1963, na rafiki zake wengi hawakujua kwamba alikuwa akikiandika.

Shauri la Ndola halikuzikwa pamoja naye. Mwaka wa 2011 Susan Williams, mwanachuoni wa Uingereza, alitoa kitabu kilichokusanya ushahidi mpya, na watafiti wakawaendea tena wazee waliokuwa vijana katika msitu ule. Mwaka wa 2015 Umoja wa Mataifa ulimweka Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania, kuwa mkuu wa jopo la kuupima ushahidi huo. Yeye aliwahesabu wachoma makaa kuwa mashahidi kama mashahidi wengine. Mwaka wa 2017 aliandika kwamba yaelekea kuwa shambulio au tishio kutoka nje liliweza kuwa sababu ya ajali, ama kwa kuipiga ndege, ama kwa kuwashitua marubani kwa nukta chache walipokuwa wakishuka. Wala hakulitupa wazo la kwamba marubani walikosea wenyewe. Alitoa taarifa nyingine mwaka wa 2019, na 2022, na 2024, kila mara akiziomba serikali zilizokuwa na watu wao Kongo na Rhodesia mwaka wa 1961, Uingereza na Marekani zikiwa miongoni mwao, zifungue kumbukumbu zao za simu ya upepo na za wapelelezi. Nyingine zilitoa karatasi chache. Nyingine zilijibu kwamba hazina kitu.