Susanna Wesley: Mama Aliyejifungia Ndani ya Aproni

Jumapili iliyopita tulisoma Mathayo 6:6, pale Bwana Yesu anapotufundisha kuingia chumbani, kufunga mlango na kuomba kwa Baba aliye sirini. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali moja na watu wengi, hasa akina mama. Chumba ni kipi, Pastor? Sisi tuko watu sita kwa chumba kimoja, ukuta ni mabati, na jirani akiwasha redio ni kama ameiwasha kwako. Hapo mtu atakaa peke yake wapi?

Hilo ni swali la haki, na silijibu kwa maneno matupu. Wacha niwaeleze maisha ya mama mmoja aliyekuwa na shida hiyo hiyo.

Susanna alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1669. Baba yake alikuwa mhubiri, na yeye alikuwa mtoto wa 25 katika nyumba hiyo. Kwa hivyo kelele za watoto alizizoea tangu utotoni! Mwaka 1688 aliolewa na mchungaji Samuel Wesley, na baadaye wakahamia Epworth, kijiji cha wakulima huko Lincolnshire. Alizaa watoto 19. Tisa kati yao walikufa wakiwa wachanga. Mama anayesoma hapa na amewahi kuzika mtoto, hebu fikiria kuzika tisa.

Wala nyumba yenyewe haikuwa na amani sana. Mwaka 1702 yeye na mumewe walikosana juu ya maombi ya kumwombea mfalme, kwa sababu Susanna hakuitikia amina. Mume akaondoka nyumbani kwa miezi kadhaa. Mwaka 1705 huyo mume akafungwa gerezani Lincoln kwa sababu ya madeni. Nataja haya ili mtu asiseme ati Susanna aliomba kwa sababu mambo yake yalikuwa sawa. Pesa haikuwa, ndoa ilitikisika, na watoto walikuwa miguuni.

Sasa, huyu mama alifanya nini? Aliweka saa zake za kukaa na Mungu, asubuhi na jioni, na akazilinda kama vile mtu analinda pesa ya rent. Alijiwekea pia sheria moja: kwa siku moja, muda wa kujifurahisha usizidi muda anaokaa faraghani na Mungu wake. Ndugu yangu, pima simu yako kwa sheria hiyo, halafu uniambie.

Na mahali je? Imesimuliwa kwa vizazi vingi kwamba alipokosa pa kujificha, Susanna aliketi kitini pale pale, akavuta aproni yake na kujifunika kichwa. Watoto wakiona hivyo walijua mama yuko na Mungu, asisumbuliwe. Nyumba haikunyamaza. Sufuria zilikuwa pale, watoto walikuwa pale, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Dada yangu, wewe aproni huna, lakini leso unayo.

Akiwa hapo hakukaa tu kimya. Siku hizi wengi wanafundisha kwamba ukitulia peke yako utakutana na wewe mwenyewe, na hayo yatosha. Susanna aliichunguza nafsi yake kweli kweli, na aliandika tafakari zake katika daftari kwa miaka mingi. Lakini aliichunguza mbele za Mungu. Kujitazama bila Mungu ni kama kufungua kidonda bila dawa: utaona ugonjwa, lakini hutapona. Daudi katika Zaburi ya 139 anamwomba Mungu ndiye amchunguze, kisha amwongoze njia. Hayo mawili hayatengani.

Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba yao iliwaka moto. Susanna alikuwa mjamzito, akapita katikati ya miali na kuungua kidogo mikono na uso. Mtoto wao John, wa miaka mitano, alisahaulika juu orofani. Majirani walisimama mmoja juu ya mabega ya mwingine, wakamtoa dirishani muda mfupi kabla paa halijaanguka. Vitabu na karatasi zao viliteketea. Watoto wakagawanywa kwa nyumba za watu mpaka nyumba nyingine ijengwe, na waliporudi, mama akaona wamechukua tabia mbaya.

Hapa ndipo naona matunda ya zile saa za faragha. Mama mwingine angepiga kelele tu. Susanna alitenga jioni moja kwa wiki ya kuzungumza na kila mtoto peke yake, habari za roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John, Jumamosi ya Charles. Hii ilikuwa juu ya kazi ya kuwafundisha masomo nyumbani, saa sita kila siku. Yule aliyejua thamani ya kukaa peke yake na Baba, alijua pia mtoto anahitaji kukaa peke yake na mama. Miaka mingi baadaye, John akiwa mtu mzima na mwalimu huko Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba ile sehemu yake ya Alhamisi jioni. Mzazi, ni kitu gani mtoto wako atakukumbuka nacho hivyo?

John huyo ndiye aliyeanzisha Methodisti. Charles alitunga nyimbo zaidi ya 6,000, na baadhi yake tunaziimba kwa Kiswahili mpaka leo. Mwaka 1862 wamishonari wa Kimethodisti walifika hapa kwetu pwani na kuanza kazi Ribe, karibu na Mombasa. Susanna hakuyaona hayo. Mumewe alifariki mwaka 1735, akabaki mjane asiye na nyumba yake mwenyewe, akihama kati ya watoto wake. Alifariki London tarehe 23 Julai 1742. Alikuwa amewaagiza watoto wake kwamba roho yake ikitoka wamwimbie Mungu zaburi ya sifa, nao wakaimba kando ya kitanda.

Basi wapendwa, wiki hii nawaomba mambo matatu. Kwanza, chagua saa yako, hata kama ni dakika 15 kabla watoto hawajaamka, na uwaambie watu wa nyumbani ili waiheshimu. Pili, chukua daftari uandike yale Mungu anakuonyesha moyoni mwako, pamoja na yale hutaki kuyaona. Tatu, na hili ni la akina baba: mke wako akijifunika leso, shika huyo mtoto. Usimwite akuletee chai. Wewe ndiwe mlango wake, kwa hivyo ufunge vizuri.

Baba aonaye sirini na awakute pale. Amina.