Maisha ya Bwana Alexander Mackay, Fundi wa Njia ya Mpwapwa

Stesheni ya Gulwe yajulikana na watu wote wa Mpwapwa, kwa kuwa ndipo walipozoea kushukia tangu siku za reli ya Wajerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910. Reli hiyo imevunjwa mara nyingi na mafuriko ya mto Kinyasungwe, na kila ivunjikapo watu hulalamika kwamba mizigo na barua zimechelewa. Lakini zaidi ya miaka thelathini kabla ya reli, palikuwa na mtu aliyejaribu kuleta magari ya ng'ombe kutoka pwani hata Mpwapwa, na barua zake za kwao zilikwenda kwa miguu ya tarishi.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, tena mtungaji wa vitabu vya jiografia, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka akapata umri wa miaka kumi na minne. Walipokuwa wakitembea pamoja, baba alisimama njiani na kuchora udongoni kwa fimbo yake mwendo wa mto Zambezi, kama ulivyodhaniwa siku zile. Mama yake alifariki mwaka 1865. Kijana akajifunza kazi ya mitambo huko Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani, akawa fundi katika viwanda vya Berlin.

Mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilitoa barua ya Stanley, aliyeomba walimu waende kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Chama cha C.M.S. kikatafuta watu, na Mackay akajitoa kwa hiari yake. Walichaguliwa wanane, naye alikuwa mdogo wao. Siku ya kuagana aliwaambia wazee wa chama kwamba huenda kabla ya miezi sita wakasikia mmoja amekufa, na habari hiyo itakapofika wasivunjike moyo, bali wapeleke mwingine mahali pake upesi. Maneno hayo hayakuwa ya kujigamba. Mwezi wa Agosti 1876 James Robertson alikufa Unguja. Mei 1877 Daktari John Smith akafa kusini ya Ziwa. Desemba mwaka huo huo Shergold Smith na O'Neill wakauawa Ukerewe. Wengine walirudi kwao kwa ugonjwa.

Mackay mwenyewe alishikwa na homa kali katika safari ya kwanza, hata daktari akamwamuru arudi pwani. Aliporudi hakukaa bure. Mwaka 1877 alikusanya watu wenye mashoka na majembe, akapasua njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230. Kabla ya hapo palikuwa na vijia vyembamba tu, wapagazi wakifuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Yeye alikata miti, akasawazisha kingo za mito, akajenga madaraja. Njia ilikwisha, lakini magari yalimshinda: mvua ilipokunya magurudumu yalizama katika matope, na mbung'o wakawaua ng'ombe. Mtu awezaye kusema kazi hiyo ilikuwa hasara asisahau kwamba ndipo Mackay alipojua Kiswahili vizuri, akiwa mchana kutwa pamoja na vibarua wake.

Alipata habari za kifo cha wenziwe wa Ukerewe, akaharakisha kwenda Ziwani, akaitengeneza mashua iliyoharibika, na Novemba 1878 akafika Buganda. Huko watu walimwita Mzungu wa Kazi, maana alikuwa mhunzi, seremala na mpiga chapa. Alifundisha kwanza kwa vitabu vya Kiswahili vya Askofu Steere, kisha akachonga herufi za mti ili achape Kiganda. Hakuwa mtu mpole siku zote. Alishindana kwa ukali na mapadre wa Kikatoliki waliokuja mwaka 1879, na ushindani huo haukuwafaa Waganda. Lakini hakukimbia. Tarehe 31 Januari 1885, katika siku za Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misioni yake walichomwa moto, na tangu Agosti 1886 alibaki Mzungu wa C.M.S. peke yake huko, karibu mwaka mzima, mpaka akatolewa Julai 1887 akaenda Usambiro, kusini ya Ziwa.

Katika muda huo wote alikuwa akiwaandikia baba yake na dada yake. Barua ilichukua miezi mingi. Tarishi aliipitisha katika nchi ya vita na njaa, na jibu lilipofika, mambo yaliyoulizwa yalikuwa yamekwisha kusahauliwa. Hata hivyo aliandika, wakati mwingine kurasa nyingi, juu ya homa, vyuma, mashauri ya baraza, na wanafunzi wake. Nao wa kwao walimsihi arudi apumzike.

Mwezi wa Agosti 1889 Stanley alifika Usambiro pamoja na Emin Pasha na msafara wao, akakaa zaidi ya wiki mbili. Msafara ulipoondoka kwenda pwani kwa njia ya Ugogo na Mpwapwa, Mackay angaliweza kufuatana nao. Hakwenda. Januari 1890 aliandika kwamba wakati watenda kazi wamepungua hivi si wakati wa mtu kuacha zamu yake. Wakimpelekea kwanza watu ishirini, labda atakuja kusaidia kuwatafuta ishirini wengine.

Homa ilimshika tena, na baada ya siku nne, tarehe 8 Februari 1890, akafa. Umri wake ulikuwa miaka arobaini, na Uskoti hakuiona tena tangu alipotoka mwaka 1876. Mwenzake Deekes, mgonjwa naye, alimfanyia jeneza kwa mbao alizokuwa amezipasua Mackay kwa ajili ya mashua, akamzika kando ya Askofu Parker. Mwaka huo huo dada yake alizikusanya barua zake, akazitoa kuwa kitabu, na mahali pa jina la mtungaji akaandika tu kwamba kimetungwa na dada yake.